Breki za seramiki kwenye gari la spoti la mtumba: dalili, chanzo, na wakati wa kusimama

Malalamiko kuhusu breki za seramiki hapa Nairobi yanafanana. Mtu amenunua Porsche 911, BMW M4 au Mercedes-AMG kwenye yadi ya Ngong Road au Kiambu Road, ameiendesha wiki moja, na sasa breki zinalia asubuhi, au usukani unatetemeka akikanyaga, au fundi amevua gurudumu na kumwambia diski zimekwisha ilhali kwa macho zinang'aa. Wengine hawajalipa bado. Wamelipenda gari, broka anawaharakisha, nao wanataka kujua kama kelele waliyoisikia ni ya shilingi elfu chache au ya mamilioni.

Shika hili kabla ya mengine yote: dalili zinazosikika mara nyingi si za diski, na diski iliyokwisha mara nyingi haina dalili ya kusikika. Diski ya chuma huisha kwa kupungua unene, na huacha ukingo uliosimama unaoweza kuugusa kwa kidole. Diski ya seramiki imeundwa kwa nyuzi za kaboni zilizofungamana na silikoni kabidi, na silikoni huingizwa ikiwa imeyeyuka kwenye joto la karibu nyuzijoto 1,700. Ni ngumu mno, na uzito wake ni kama nusu ya uzito wa diski ya chuma ya ukubwa huo. Kinachoimaliza hasa ni joto. Ikipashwa sana mara kwa mara, kaboni huungua kidogo kidogo na kupotelea hewani huku unene ukibaki karibu palepale. Uzito ndio unaopungua, na uzito hauonekani kwa tochi.

Porsche ilianza kuziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, na Ferrari Enzo ya 2002 nayo ikaja nazo. Kwenye 911 mpya za miaka ya karibuni, kuagiza breki hizi kiwandani kumekuwa kukiongeza takriban dola 9,000 za Marekani kwenye bei. Ukinunua diski nne na pedi zake kama vipuri utalipa zaidi ya hapo, kabla ya usafiri na ushuru wa forodha. Kwa hiyo usiache suala la breki lijadiliwe baada ya kukubaliana bei ya gari.

Tangazo linasema seramiki, lakini diski zina kutu

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote: muuzaji anazungumzia pedi, si diski. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huuza pedi za seramiki za magari ya kila aina, hata ya familia. Hizo ni pedi zilizochanganywa nyuzi za seramiki na hutumika kwenye diski za chuma. Ni pedi nzuri, ila hazihusiani kabisa na diski za kaboni na seramiki, wala haziongezi thamani ya gari hata kidogo. Wauzaji wengi hawadanganyi. Hawajui tofauti tu.

Sababu ya pili ni kwamba mwenye gari wa awali alivua diski za seramiki, akafunga za chuma, na kuziacha kalipa zake za awali, yaani vile vibano vinavyozikandamiza pedi kwenye diski. Hili hutokea sana kwa magari yaliyopelekwa kwenye viwanja vya mbio, kwa sababu mwenyewe hakutaka kuzichosha diski ghali. Muulize muuzaji ziko wapi. Zikiwa zimehifadhiwa kwenye boksi na ziko ndani ya kiwango, zina thamani kubwa. Sababu ya tatu ni rangi: kalipa za chuma zimepakwa njano ili zifanane na za Porsche, au dhahabu ili zifanane na za BMW. Ya nne hukutana nayo kwenye Porsche mpya kidogo. Kalipa nyeupe na diski inayong'aa kama kioo ni diski ya chuma iliyopakwa tabaka la kabidi ya tungsteni, mfumo ulioanza na Cayenne ya 2017. Ni breki nzuri, lakini si seramiki.

Vipimo vyake ni rahisi. Omba gari lioshwe na liachwe usiku mmoja, kisha angalia diski asubuhi kabla halijasogezwa: uso wa chuma huwa umeshika kutu ya rangi ya machungwa, wa seramiki haushiki. Angalia rimu pia. Vumbi jingi jeusi kwenye rimu za mbele huashiria chuma, au pedi zisizofaa. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na uiguse pale pedi zinaposugua. Ikinata, hiyo ni chuma. Usiiguse kofia ya katikati inayoshika diski, kwa kuwa hiyo ni metali nyingine na itakupotosha. Halafu tafuta orodha ya vifaa vya kiwandani: kwenye Porsche, namba 450 katika kibandiko cha vifaa ndiyo breki za seramiki, kwenye BMW tafuta 2NK. Namba hizo zinakuambia gari lilitoka kiwandani na nini. Hazikuambii kilichofungwa leo, ndiyo maana sumaku bado inahitajika.

Breki zinalia

Mara nyingi ni baridi na unyevu tu. Asubuhi za Juni hadi Agosti hapa Nairobi, diski huamka na umande, na breki hulia mara chache za mwanzo kisha hunyamaza. Hiyo ni tabia ya breki hizi, haihitaji fundi.

Zikilia hata zikiwa na joto, sababu inayofuata ni foleni. Gari linalotambaa Waiyaki Way kila siku halikanyagwi breki kwa nguvu ya kutosha, na uso wa pedi hugeuka laini kama umepigwa msasa. Dawa yake ni kuzizoesha upya pedi kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari: kupunguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha kuendesha polepole zipoe. Fanya hivyo mahali penye nafasi na ndani ya kikomo cha mwendo. Southern Bypass mapema Jumapili panafaa kuliko Thika Road siku yoyote.

Kelele inayokwaruza mfululizo, hata usipogusa pedali, na iliyoanza baada ya kupita barabara ya murram, karibu kila mara ni jiwe dogo lililokwama kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Kwenye diski ya chuma watu huliendesha hivyo hivyo mpaka lidondoke. Usifanye hivyo hapa. Jiwe linaweza kuchora uso au kumegua ukingo wa diski. Simama, vua gurudumu kwa uangalifu nitakaoueleza mbele, ulitoe.

Baada ya hapo ndipo ufikirie pedi zisizo zake. Pedi za diski za seramiki zimetengenezwa kwa ajili yake peke yake, na jina lililochapwa mgongoni linaweza kulinganishwa na orodha ya mtengenezaji. Mara moja moja kosa ni fundi aliyesahau kurudisha vibati vya kuzuia mtetemo nyuma ya pedi.

Simama kabisa ukisikia metali inasugua. Pedi imekwisha mpaka bati lake, na kila kilomita unayoongeza inaharibu kitu ghali kuliko vyote kwenye mfumo huu. Gari lipande gari la kuvuta.

Breki hazishiki mara ya kwanza baada ya kuoshwa au mvua

Huu ni ugonjwa wa kila breki ya seramiki kwa kiasi fulani. Maji hukaa kwenye uso na kwenye matundu, na kukanyaga kwa kwanza huchelewa. Ukitoka sehemu ya kuosha magari, gusa breki kidogo mara mbili tatu kabla hujaingia barabarani. Kama kuchelewa kunaendelea baada ya kukauka, kuna mafuta au dawa ya kung'arishia matairi kwenye diski, au mwoshaji ametumia asidi ya kusafishia rimu. Waambie waoshaji maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Pedi zilizoingia mafuta hubadilishwa, hazioshwi.

Usukani au pedali inatetemeka

Hapa wengi hukata tamaa mapema na kuziita diski mbovu. Anza na barabara zetu. Mashimo na matuta yasiyo na alama hupinda rimu, na tairi jembamba la inchi 20 halina mto wa kutosha kuilinda. Kama mtetemo upo hata bila kukanyaga breki, nenda kwanza kwa fundi wa kubalansi magurudumu na umwombe akuonyeshe rimu ikizunguka. Kisha bushi na bolijointi za mbele.

Mtetemo ukitokea tu unapokanyaga, kinachowezekana zaidi ni mabaki ya pedi yaliyojipaka sehemu moja ya diski. Hutokea mtu akitoka mwendo mkali, akasimama kwenye taa na kuendelea kukandamiza pedali huku breki zikiwa na moto. Kuzizoesha upya pedi, kama nilivyoeleza juu, mara nyingi huondoa tatizo. La kawaida kidogo ni kutu au uchafu kati ya diski na habu, yaani kitovu inapofungwa. Fundi husafisha, kisha hupima myumbo wa diski kwa geji ya saa. Mwisho kabisa ndipo hushukiwa diski yenyewe: bolti zinazoishika kwenye kofia yake zimelegea, au uso umeungua upande mmoja.

Onyo ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila gereji ya Grogan na Industrial Area: diski ya seramiki haiskimiwi, yaani uso wake hauchongwi upya. Fundi aliyezoea kuskimu diski za chuma kwa mashine ya kerezo atakwambia ni kazi ya saa moja. Atakuharibia diski na kifaa chake pia. Wako wataalamu wachache huko Ulaya wanaokarabati baadhi ya aina za diski hizi kwa mashine maalumu, na hilo ni jambo la kuhesabia gharama ya kusafirisha kwenda na kurudi.

Pedali ni laini, inazama, au ni nzito

Pedali laini karibu kila mara ni mafuta ya breki ya zamani. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzijoto 230. Ikishanyonya unyevu kwa kiwango kinachotumiwa kwenye vipimo, kikomo chake cha chini hushuka hadi 155. Diski za seramiki huvumilia joto ambalo lingechosha chuma, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu kama ule wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kitakachokuangusha ni mafuta yaliyochemka, diski zikiwa salama. Badilisha kila miaka miwili, na kwa gari la mtumba lisilo na rekodi badilisha siku unayolichukua. Kama ulaini ulianza baada ya pedi kubadilishwa, kuna hewa kwenye mfumo, nayo hutolewa.

Pedali nzito kuliko ulivyozoea pwani inaweza isiwe kosa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Buta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwa kutegemea ombwe, husaidia kidogo kuliko kule. Pedali ikiwa nzito ghafla, kagua mpira wa ombwe na pampu yake.

Pedali ikizama polepole ukiwa umesimama na mguu juu yake, au kiwango cha mafuta kikishuka bila pedi kuisha, usiendeshe hata mpaka kona inayofuata. Hiyo ni silinda kuu au mvujo, na ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Diski inaonekana mpya, lakini unaambiwa imekwisha

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama ununue au usinunue, na fundi anayekwambia hivyo anaweza kuwa na haki.

Mtandao wa nyufa nyembamba juu ya uso, kama tope lililokauka, si kasoro. Diski nyingi hutoka nao kiwandani. Kinachotisha ni uso kuwa wa kukwaruza na wa kijivu uliopauka, nyuzi zinazoonekana kwa jicho au kushika kitambaa, vishimo vidogo vilivyotawanyika, na matundu ambayo kingo zake zimelika. Ufa unaounganisha tundu na tundu, au tundu na ukingo, haujadiliwi: hiyo diski haiendi barabarani tena. Zaidi ya hayo, macho hayakusaidii.

Kinachosaidia ni namba zilizochongwa kwenye kofia ya diski: uzito wa chini unaoruhusiwa, kwa gramu, na kwa kawaida unene wa chini pia. Diski huvuliwa, husafishwa, huachwa ikauke vizuri, kisha hupimwa pamoja na kofia yake kwenye mizani inayosoma gramu. Usikubali mizani ya sokoni. Tofauti kati ya diski yenye maisha na iliyokwisha si kubwa, na unyevu au vumbi vilivyobaki ndani yake vinatosha kuificha. Njia ya pili, ambayo wakala rasmi na karakana chache maalumu wanayo, ni kifaa kinachowekwa juu ya uso na kupima kwa sumakuumeme kaboni iliyobaki. Diski za karibuni zimechongwa namba za kulinganishia, ili usomaji wa leo uwekwe kando ya ule wa siku ilipotoka kiwandani. Faida yake ni kwamba diski haivuliwi.

Sababu za diski kuisha, kwa mpangilio wa uwezekano: siku za viwanja vya mbio, pedi za kubahatisha zilizoipasha kupita kiasi, pedi zilizoachwa zikaisha. Mwendo wa kawaida wa mjini uko mbali chini ya hizo, na diski zilizotumika barabarani tu zinaweza kuishi muda mrefu sana. Kwa hiyo uliza historia. Gari lililokuja kutoka Japani au Uingereza huenda lilizungushwa kwenye viwanja vya mbio vya Fuji, Suzuka au Silverstone wikendi nyingi kabla halijafika Mombasa. Matairi ya mbio kwenye picha za mnada, mashimo ya bolti za viti vya mbio, alama za mkanda wa kuvutia: yote hayo yanazungumza. Usitarajie ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa ukusaidie hapa. Huo unahusu usalama wa gari kwa jumla, hauchukui diski ukaiweka kwenye mizani. Kwa 911 za kizazi cha 996 kuwa mkali zaidi, kwa sababu diski za awali hazikuvumilia viwanja vya mbio kama zilizofuata.

Ukingo umemeguka

Mhalifu wa kawaida ni fundi wa pancha. Porsche na BMW hufunga gurudumu kwa bolti, si nati kwenye vijiti vilivyosimama, kwa hiyo bolti ya mwisho ikitoka gurudumu huanguka na rimu hugonga ukingo wa diski. Chuma kingevumilia. Seramiki humeguka. Kinga yake ni pini ya kuongozea inayoskuruliwa kwenye tundu la juu kabla gurudumu halijavuliwa. Nunua pini mbili, zikae ndani ya gari, na uzitoe wewe mwenyewe kabla jeki haijainuliwa. Magari yenye nati moja ya katikati, kama 911 GT3 ya kizazi cha 991, hukazwa kwa nguvu kubwa ya Nm 600 na yanahitaji vifaa vyake. Kando ya barabara usimruhusu mtu ayaguse.

Mmeguko mdogo wa ukingoni huruhusiwa na watengenezaji kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye miongozo yao ya karakana. Mpe fundi aliye na mwongozo huo apime urefu na kina. Usipake gundi wala kupiga msasa.

Taa ya pedi imewaka

Mara nyingi ni waya wa sensa uliokatika wakati pedi zilipobadilishwa. Kama unene wa pedi unaonekana wa kutosha kupitia spoku za rimu, ni waya. Kama hauonekani, chukulia zimekwisha mpaka uthibitishe.

Ukishapata namba

Mwombe muuzaji kipimo cha diski nne kifanyike kabla ya malipo yoyote yasiyorudishwa, kwenye karakana uliyoichagua wewe na kwa gharama yako. Muuzaji anayeamini gari lake hukubali. Akikataa, hesabu bei kana kwamba diski zote nne zimekwisha.

Zikiwa mbali juu ya uzito wa chini na wewe ni mtu wa barabara tu, nunua kwa amani. Zikiwa zimekaribia mpaka, una njia mbili za haki. Moja ni kupunguza bei kwa gharama kamili ya diski zinazohitajika, na diski hubadilishwa kwa jozi za ekseli moja. Nyingine ni kuhamia chuma. Kwenye GT3 ya 991, diski za seramiki ni milimita 410 mbele na 390 nyuma, za chuma ni 380 pande zote, kwa hiyo kalipa haziwezi kukaa palepale. Ni lazima upate diski za chuma zilizotengenezwa kwa kipimo cha kalipa ulizonazo, pamoja na pedi za chuma. Kazi hiyo apewe fundi aliyewahi kuifanya kwenye aina yako ya gari, na kila bolti ikazwe kwa spana ya kipimo. Diski za seramiki ulizovua zifunge kwa sponji, zilaze bapa, na uandike uzito wa kila moja na tarehe ya kipimo juu ya boksi lake.